Mikono ya Januari

Sundbyberg, Stockholm
14 Septemba 1975

Mjukuu wangu Wambura,

Leo nitavunja adabu ya barua na kusema kabla ya kusalimu, maana nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama nilivyofanya miaka mitano. Nimekuficha jambo. Baba yako hakufa kwa kichomi. Alikufa maji, hapa Sundbyberg, kwenye ziwa lililoganda, akikimbilia mpira wa namna hiyo hiyo unayoniuliza kama uucheze.

Sasa shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mimi ni mzima kwa kiasi cha mzee wa miaka sabini na mmoja ambaye moyo wake umechoka kupanda ngazi. Mama yako Paskalia ameandika kutoka Musoma. Mihogo imekubali, bati la jikoni limebadilishwa, na dada yako amepata mchumba ambaye mama yako hamtaki kwa sababu anacheka sana. Hapa baridi imeanza kubisha hodi. Gaudiosa, yule muuguzi wa Bukoba anayekaa ghorofa ya chini yangu, huniletea supu kila Jumapili, pamoja na maneno. Juzi ameniambia, "Babu, wewe ukifa nitakukuta umekaa hapo hapo dirishani, kalamu mkononi na karatasi tupu."

Barua yako ya Agosti imenitetemesha. Unasema ulipelekwa Louisiana kukimbia mita mia mbili, na sasa kocha wa mpira wao wa Kimarekani ameziona mbio zako na anataka akufanye mdakaji wa pembeni. Halafu unaniuliza kwa utani, "Babu, wewe mwalimu wa dunia nzima, hivi mdakaji mzuri ana nini zaidi ya mbio?" Hukujua kwamba naweza kukujibu.

Baba yako alikuwa mdakaji. Unajua alikuja huku kusomea uhandisi wa simu, nami nikamfuata mwaka 1968 kuwafundisha Kiswahili Waswidi waliokuwa wakienda kufanya kazi kwetu. Mwaka ule ule walianza kufika hapa vijana wa Kimarekani waliolikimbia jeshi lao wasiende Vietnam. Mmoja wao, James, Mweusi wa huko huko Louisiana, alipanga chumba kwenye jengo letu. Shuleni kwao alikuwa mrushaji. Alikuwa na mpira wa ngozi, umbo la papai, na hakuwa na mtu wa kumrushia. Baba yako alikuwa na mbio na hakuwa na mchezo. Wakapatana.

Basi nakujibu. Mbio ni sifa ya tatu. Ya kwanza ni uaminifu wa njia. Mrushaji hamrushii mtu, anarusha mahali. Wamekubaliana: hatua kumi na mbili mbele, kisha kata kulia. Mpira huondoka mkononi mwake wakati mdakaji bado amempa mgongo. Mdakaji akichoka akakata kwenye hatua ya kumi, mpira utatua pasipo na mtu. Baba yako alikuwa akisema mezani, "Baba, yeye anaamini nitakuwepo, mimi naamini mpira utakuja. Hakuna zaidi."

Ya pili ni mikono. James alimfundisha jikoni kwangu, kwa viazi vya kuchemsha, kwa mkate, mwisho kwa mpira uliopakwa sabuni.

"Vidole, Januari! Vidole, si kifua!"

"Basi rusha kama mtu, acha kurusha kama unafukuza kuku!"

Akishaudaka, James aliushika upande wa pili akauvuta kwa nguvu zake zote. Hakuupata hata siku moja. "Mzee," aliniambia akihema, "mtoto wako ana mikono ambayo ikishika haijui kuachia."

Wakati wa baridi uwanja wao ulikuwa ziwa la Råsta, karibu na nyumbani. Mwezi wa kwanza barafu yake ilibeba farasi na gari lake. Sisi wa Musoma na yule wa Louisiana tulikuwa tunajua barafu ya kwenye glasi tu. Tulichokiona mwezi wa kwanza tuliamini ni kweli hadi mwezi wa nne. Hakuna aliyetuambia kuwa barafu ya Aprili huoza kwa ndani, ikabaki nyeupe na nene machoni. Watoto wa hapa wa miaka sita wanalijua hilo.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Aprili 1970. James alirusha, baba yako akakimbia, barafu ikapasuka. Mimi nilikuwa mbali, nimekaa kwenye benchi la ufukweni. James ndiye aliyekuwa karibu. Alimshika mkono, mkono ukaponyoka kwa kulowa, naye akakimbia.

Niliandika kichomi kwa sababu nani kwetu Majita, ukingoni mwa ziwa, angekubali kuwa Januari, aliyeogelea kabla ya kutembea, amekufa maji?

Usiucheze mchezo huo, mjukuu wangu. Nimeona unakoelekea.

Babu yako,
Zephania Mashauri


Louisiana
28 Septemba 1975

Babu, shikamoo.

Mimi ni mzima. Joto la huku ni la Musoma kabisa, na mbu wao ni ndugu wa mbu wetu, ila wa huku wameshiba zaidi. Ochola wa Kisumu ninayekaa naye chumba kimoja anakusalimu. Yeye hutupa mkuki, na anasema mchezo wangu mpya ni ugomvi wa sokoni uliowekewa refa. Mama nimemwandikia, sijamgusia habari yako.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye chumba cha kufulia. Nguo zikaisha kuzunguka, zikapoa, bado nimekaa.

Babu, nina karatasi ya wasifu wa marehemu. Ile uliyoituma pamoja na jeneza, baba mdogo akaisoma mbele ya watu wote kabla ya kuzika, kama desturi inavyotaka, ili watu wajue marehemu alianzaje kuumwa na alikataje roho. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilimwomba baba mdogo anipe, nami nimeibeba mpaka huku. Ni mwandiko wako wa mkono wa kushoto, ule unaolala kama mtama uliopigwa na upepo. Inasema: "Alishikwa na kichomi tarehe tisa, na tarehe kumi na mbili akafariki akiwa mikononi mwa baba yake."

Kichomi ni uongo, sawa, umeniambia. Lakini kama ulikuwa mbali kwenye benchi, mbona uliandika mikononi mwa baba yake?

Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu sentensi hiyo ndiyo iliyonituliza miaka yote hii.

Na huyo James alikuwa mtu wa namna gani? Mtu anayemshika rafiki yake mkono, kisha akakimbia?

Mpira nitaucheza. Sasa hivi siwezi kuuacha.

Mjukuu wako,
Wambura


Sundbyberg
9 Oktoba 1975

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mbu wa huko ni ndugu. Mama yako ameandika tena, mchumba amekuja kujitambulisha na amecheka hata wakati wa sala. Gaudiosa amepata zamu za asubuhi hospitalini, kwa hiyo supu huja saa tisa alasiri. Daktari amebadilisha vidonge vyangu. Vya zamani vilikuwa vyeupe, hivi ni vya njano, na moyo haujatambua tofauti.

Kwa kuwa umeamua kucheza, afadhali ucheze ukijua.

Mpira ukija juu ya kifua, vidole gumba vikutane. Ukija chini ya kiuno, vidole vidogo vikutane. Usiukumbatie na mwili, mwili ni ukuta, utaurudisha. Uangalie mpaka uingie mikononi, uendelee kuuangalia hata ukishaingia. Kimbia njia zako zote kwa mwendo mmoja, hata ile usiyotegemea kurushiwa, ili beki anayekulinda asijue ipi ni ya kweli. Usimwonyeshe kwa mabega unakoelekea. Na mpira wa mwenzako ukienda upande mwingine, wewe mzuie beki wako. Kazi ya mdakaji siku nyingi ni kazi isiyoonekana.

Ila lililo kubwa kuliko yote James alilisema jikoni kwangu, akiwa ameshika kikombe cha chai. Unapokata kuingia katikati, alisema, mpira uko hewani, na nyuma yako kuna mtu mwenye kilo mia moja anakuja kukuvunja. Humwoni, unazisikia hatua zake tu. Mdakaji mbaya huzisikia akageuza jicho, au akavuta mikono kujilinda. Mdakaji mzuri huzisikia pia, kila mtu huzisikia, lakini hamalizi kwanza habari za mbavu zake. Anamaliza kudaka.

"Unawezaje kujifunza hilo?" nilimuuliza.

"Hujifunzi, Mzee. Unalijua siku hiyo."

Baba yako akacheka akasema, "Basi mimi nitawahi kukimbia kabla hajafika." James akamjibu, "Wewe? Wewe utakufa umeukumbatia."

Hapa nyumbani mabomba ya joto yameanza kuwashwa, na yanapopata moto hugonga ndani ya ukuta, tak, tak. Nikiyasikia nasimama wima bila sababu. Tundu la barua liko kwenye mlango wenyewe, na barua hudondoka sakafuni kwa kishindo. Kila ikidondoka mimi hukaa kwanza. Siinami kuiokota mara moja.

Uliniuliza mambo mawili. La pili nakujibu: James alikuwa mtu mwema. La kwanza naomba uliache.

Babu yako


Louisiana
20 Oktoba 1975

Babu, shikamoo.

Wote wazima. Mama ameniandikia kuhusu shemeji anayecheka, mimi nimeshampenda kabla sijamwona.

Jumamosi nilianza mechi yangu ya kwanza. Robo ya pili nikaambiwa nikate katikati. Hatua kumi na mbili, nikakata, mpira ulikuwa tayari uko hewani, mzuri kama tunda. Na nikazisikia, Babu. Kama ulivyosema. Niligeuza jicho kidogo tu. Mpira ukanipiga kwenye viganja ukaanguka, kisha yule beki akanipitia hata hivyo. Kwa hiyo nilipata maumivu bila mpira. Kocha alipiga kelele mpaka kofia ikamtoka: "Mtanzania! Ungepigwa vile vile! Si bora upigwe ukiwa umeushika?"

Jioni aliniita kunipoza. Nikamwambia baba yangu alicheza Stockholm na mrushaji wa Louisiana aitwaye James. Babu, makocha wa huku wanamjua kila kijana aliyewahi kurusha mpira kwenye wilaya zao. Akafikiri, akaniuliza kama ni yule aliyelikimbia jeshi. Anamjua! Amerudi mwaka huu kwa ule msamaha wa rais wao wenye masharti. Anatakiwa kutumikia miezi kadhaa, kwa hiyo anamwaga vyombo vya wagonjwa kwenye hospitali ya mji wao, kwenye mashamba ya miwa. Saa mbili na nusu kwa basi kutoka hapa.

Unasema alikuwa mtu mwema. Mtu mwema hakimbii rafiki yake akifa maji. Mechi yetu ya mwisho ni Jumamosi ya tarehe 22 Novemba. Kesho yake, Jumapili, nitakwenda. Wapo wenzangu wawili wa mstari wa mbele, ukubwa wa makabati, wamesema hawataniacha niende peke yangu. Nimewaambia yote. Wao wana ndugu waliokwenda Vietnam, mmoja hakurudi. Mtu aliyekimbia mara mbili hawamwelewi kabisa.

Sijui nitamfanya nini. Nataka nianze kwa kumshika mkono, nione kama unaponyoka.

Wambura


SIMU YA MAANDISHI
STOCKHOLM 30 OKTOBA 1975

USIENDE KWA JAMES. BARUA YAJA. BABU


Louisiana
1 Novemba 1975

Babu,

Shikamoo. Simu imenifikia uwanjani, kocha akadhani kuna msiba. Ochola alisoma maneno yale akasema, "Mzee wako hatumii pesa ya bure. Kuna kitu."

Nitangoja barua. Lakini nakwambia ukweli kama unavyotaka niwe mkweli: siwezi kukaa saa mbili na nusu tu kutoka kwa mtu huyo nikala, nikalala, nikasoma hesabu. Ukiandika kwamba nisamehe kwa sababu sisi ni Wakristo, nitakwenda. Ukiandika kwamba ni zamani, nitakwenda. Wenzangu wameshakopa gari, basi hatulihitaji tena. Mmoja ameweka rungu la besiboli, mpira wao mwingine, kwenye buti. Anasema ni la safari tu.

Nimeisoma tena karatasi ya wasifu. Nimekuomba mara moja, nakuomba tena. Mikononi mwa nani?

Barua isipofika hadi tarehe 23 asubuhi, tutaondoka saa mbili.

Wambura


Sundbyberg
10 Novemba 1975

Wambura,

Ni mimi babu yako, Zephania mwana wa Mashauri, na hii ni sahihi yangu. Nimeiweka juu kabisa, na salamu nazitanguliza zote hapa, ili nikishasema niliyo nayo nisipate pa kujificha. Marahaba. Mama yako yu mzima. Mahari ya dada yako wamekubaliana, na mama yako, ananiambia, alicheka mwenyewe. Mimi si mzima. Nilianguka jikoni tarehe pili, nikalala hospitali siku sita. Daktari alikaa kitandani badala ya kusimama, nikajua. Hapo ndipo barua yako iliponikuta, Gaudiosa aliiokota sakafuni kwangu akaniletea.

Leo, hapa nyumbani, alinikuta nimechana karatasi tatu. Akaziokota vipande, hakusoma. Akasema, "Babu, hii ya nne utanipa mkononi leo, na mimi nitakimbia nayo posta mwenyewe. Stempu hazijibandiki."

"Nikikupa, mjukuu wangu hatanizika."

"Na usiponipa?"

Nikavuta karatasi ya nne. Amekaa hapo kwenye kiti cha mlangoni sasa hivi, koti liko mwilini, anafuma soksi na kuangalia saa. Posta inafungwa saa kumi na mbili. Ndege huchukua siku saba, wakati mwingine kumi na moja. Nimehesabu mara nyingi. Kama ni kumi na nne, nimechelewa, na kitakachompata James kitakuwa kazi yangu ya pili. Naogopa, Wambura. Sikuwa najua mzee anaweza kuogopa hivi. Nilidhani ukikaribia mwisho woga huisha, kumbe ndio unabaki peke yake.

Sikuwa kwenye benchi.

Mimi ndiye nilikuwa alama yao. Kila Jumapili nilisimama mwisho wa uwanja nikiwa nimeshika tawi la msonobari, na baba yako alikata kunielekea. Siku ile jua lilikuwa limetoka, la kwanza lenye joto tangu Oktoba. Kuna gati dogo la mbao karibu na matete, pale kijito kinapoingia ziwani na kuila barafu kwa chini, na mbao za gati zilikuwa kavu na zenye moto. Mifupa yangu ikalitaka. Nikalihama lile eneo letu la siku zote, nikaenda kusimama juu ya gati. Nikawapigia kelele kutoka kule, "Leo mwisho ni hapa!"

James aliinua mkono kuonyesha amesikia. Baba yako hakugeuka kutazama barafu ya upande ule ikoje. Kwa nini atazame? Nilikuwa nimesimama pale, baba yake. Mdakaji hukimbilia mahali alipoambiwa.

Alikata vizuri. Mpira ulikuwa hewani, naye alikuwa ameunyooshea mikono, aliposhuka chini kama mtu aliyefunguliwa mlango. Haukutoka mlio mkubwa. Mlio ulikuja baadaye.

Niliteremka kutoka kwenye gati. Nataka ulijue hilo pia, niliteremka, nikalala kifudifudi, nikatambaa. Alikuwa na kichwa na mabega juu ya maji, na kila akiegemea ukingo, ukingo ulikatika. Hakupiga kelele. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mezani, "Baba, mkono."

Nikampa wa kulia. Akaudaka kwa mikono yote miwili.

James alikuwa mbali, hatua hamsini au sitini, anakuja. Nilimwona anakimbia, kisha akaanguka chini makusudi na kuanza kutambaa, maana barafu ilikuwa inalia chini yake. Alikuwa anapaza sauti, "Mshike, Mzee! Mshike tu! Usimvute, mshike!" Nilichotakiwa kufanya kilikuwa hicho peke yake. Kukaa nilipo na kushika, mpaka afike.

Ndipo nikausikia mlio. Ulianza nyuma ya miguu yangu ukaja chini ya tumbo, tak, tak, tak, kama mtu anayetembea kunifuata. Maji yakapanda kifuani, nguo ikaganda kwenye ngozi. Nikageuza jicho kutazama nyuma.

Baada ya hapo nilikuwa juu ya gati. James aliingia kwenye lile shimo mwenyewe, Wambura, kichwa kikatangulia. Alizama mara tatu. Mara ya tatu alitoka na baba yako. Alipoona hapumui alimlaza kwenye mbao mbele yangu, akakimbia, ndiyo, alikimbia, kwenda nyumba za ng'ambo kutafuta simu, bila viatu, nguo zimemgandia mwilini. Vidole vyake viwili vya mguu vilikatwa wiki ile. Polisi waliponiuliza nani alikuwa karibu na marehemu, nilisema ni Mmarekani, na kwamba alikimbia. Walimhoji siku nne. Wenzake wakamtenga. Polisi walipomwuliza yeye ameona nini, alisema, "Nilikuwa mbali. Sikuona."

Alikuwa ameona. Alikuja kwangu kabla sijasafirisha jeneza, akasimama kwenye ngazi kwa magongo. Nilianza kuongea, akanyoosha kiganja. "Usiniambie kitu, Mzee. Mimi mwenyewe nipo kwenye nchi hii kwa sababu nilikimbia." Akaniachia ule mpira. Uko kabatini, chini ya blanketi. Sijaugusa.

Kwa hiyo ukienda, nenda peke yako, na umshike mkono huo kwa heshima. Kwenye karatasi ya wasifu, sentensi iliyo kweli ni ile moja unayoniuliza. Niliandika "mikononi mwa baba yake" kwa kuwa nilitaka neno moja angalau lisomwe mbele ya watu likiwa kweli, nikaamini hakuna atakayelishika.

Gaudiosa amesimama. Anasema dakika ishirini.

Nimejiambia miaka mitano kwamba mkono uliponyoka kwa kulowa. Hata wewe nilikuambia hivyo, ila nikamvisha James mkono wangu. Haukuponyoka. Baba yako alikuwa amenishika kama alivyofundishwa jikoni kwangu, kwa vidole vyote, kwenye kifundo cha mkono, na mikono ile ilikuwa haijui kuachia. Nilivuta, haikuachia. Nilivuta tena. Ndipo nikavibandua vidole vyake, kimoja kimoja, kwa mkono wangu wa kushoto, huu ninaokuandikia.